Makumbusho ya msanii mmoja

Makumbusho ya msanii mmoja ni jumba linalopanga kazi za mtu mmoja ili zisomeke kama hoja moja. Kwa Kongo, mfano ulio karibu zaidi hauna jumba la peke yake: ni Historia ya Zaire, mfululizo wa picha wa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji ambao leo ni Lubumbashi. Miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga. Sasa zimehifadhiwa Amsterdam. Katika mfululizo huo, kifo cha Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kikitenganishwa na picha zinazokitangulia hubaki masikitiko. Kikiwa mahali pake huwa shtaka. Ndiyo maana mfululizo huo unastahili ukumbi wake, pamoja na sauti ya mchoraji.

Huenda ikasemwa kwamba picha za namna hii, za wachoraji wa mjini, zilitungikwa sebuleni, basi ukumbi ni ugeni. Ni kweli kwa picha mojamoja, lakini sebule gani ingebeba mia? Wengine huhofia mtu mmoja kufanywa msemaji wa nchi nzima. Hofu hiyo ina uzito, ila Tshibumba alijiita mwanahistoria, na mwanahistoria hubishiwa. Mtu wa Lubondja, huko Fizi, mashariki mwa Kongo, angembishia bila mkalimani, ingawa Kiswahili cha huko si kile cha Katanga. Mgeni wa Amsterdam hutegemea tafsiri.