Unuktishaji, Wala Si Usimbaji wa Kijiografia

Orodha ya istilahi za ramani inayopita sasa mikononi mwa walimu na wahariri inataka kazi ya kugeuza anwani kuwa nukta za ramani iitwe usimbaji wa kijiografia. Wanafunzi wameanza kuinakili katika tasnifu zao, na wafasiri wa programu nao wameifuata bila swali. Nimengoja mtu mwenye cheo kunizidi aseme neno. Hakuna aliyesema, basi nasema mimi: istilahi hiyo haifai, na ikiachwa iote mizizi kuing'oa itakuwa kazi.

Shughuli yenyewe msomaji anaijua. Mwenye duka la matangi ya maji Kitengela, kaunti ya Kajiado, ana orodha ya wateja kwenye kompyuta, maelfu ya mistari, kila mstari na anwani yake. Anataka kila mmoja upate latitudo na longitudo ili lori lipangiwe njia, lisirudi kule kule mara tatu kwa siku. Sina la kuongeza hapo. Linaloniuma ni jina.

Katika Kiswahili cha leo kusimba ni kuandika jambo kwa alama ambazo asiye na ufunguo hawezi kuzisoma. Ndiyo maana simu zetu zinatupa habari za usimbaji fiche, na ndiyo maana kifaa kinachofungua mawimbi ya televisheni yaliyofungwa huitwa kisimbuzi. Shina hilo limeshika kazi yake na linaifanya vizuri. Sasa mtu anayechukua maneno "kwa Mama Fulani, ukishuka Yukos, geti jeusi baada ya kanisa" akayageuza kuwa mahali ambapo dereva asiyeujua mtaa anaweza kufika, huyo amesimba nini? Hajaficha chochote. Amefumbua. Walioketi kuamua wamelipa tendo jina la kinyume chake, kisha wakalibandika kivumishi "kijiografia", ambacho siku hizi hubandikwa kila mahali na hakimwambii mtu ni kitu gani cha jiografia kinachozungumzwa. Walilitazama neno la Kiingereza, geocoding, wakalikata vipande viwili, kila kipande wakakitafutia mwenzake. Wametafsiri silabi, kazi hawakuitafsiri.

Isitoshe, usimbaji wa mahali upo, na ni kitu kingine. Mfumo wa Plus Codes uliotolewa na Google mwaka 2014 huchukua nukta ya ramani na kuigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu. Kitengela na Nairobi zote huanza na 6GCR. What3words ya London huigeuza nukta kuwa maneno matatu. Huko ndiko kusimba: una nukta, unatoka na msimbo. Mwenye matangi anakwenda upande wa pili, kutoka kwenye maneno ya watu hadi kwenye nukta. Tukiziita njia hizi mbili kwa jina moja, mwanafunzi wa Kiswahili atashindwa kueleza tofauti ambayo mwenzake anayesoma kwa Kiingereza tayari inamsumbua.

Ningependa waheshimiwa walioitunga orodha hiyo wafike Mashuuru, huku huku Kajiado, kabla ya kikao kijacho. Kitengela imejaa watu, sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini humo, lakini ukiiacha barabara kuu ya Namanga ukaelekea Imaroro, Merrueshi au Selengei, utauliza: anwani ya kusimbwa iko wapi? Barua huja kwa sanduku la posta. Sanduku liko mjini na mwenye sanduku yuko na ng'ombe wake. Mpe kompyuta orodha ya wateja ambao kila mmoja ameandika S.L.P. na msimbo wa posta 00242, nayo itawarundika wote mahali pamoja katikati ya Kitengela, kana kwamba wanalala posta. Walioandika "Mashuuru" tu huangukia kitovu cha kaunti ndogo nzima, malishoni, mahali ambapo huenda hapana boma hata moja.

Majina nayo yana mambo yake. Mashuuru huandikwa pia Mashuru. Loitokitok ni Oloitokitok kwa wengine, kutegemea anayeandika amelisikiaje kwa Kimaa. Wazee wa Kitengela bado wanapataja Noonkopir, na mteja akiandika Noonkopir kwenye fomu si kwamba amekosea. Programu ndiyo isiyojua. Nambari ya hatimiliki ingeweza kusaidia, kwa maana ardhi hii iligawanywa kutoka ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya 1968, na kila kipande kikapewa nambari yake: Kajiado, kisha Kaputiei North au sehemu nyingine, kisha tarakimu. Lakini ramani za zamani za Survey of Kenya zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu zetu zinatumia WGS 84. Anayehamisha tarakimu kutoka huku kwenda kule bila kuzigeuza hukosea kwa takriban mita 300. Kwa ploti za futi 50 kwa 100, hizo ni karibu ploti ishirini zilizopangwa bega kwa bega. Huyo hajakosa nyumba, amekosa mtaa.

Kwa hiyo huku kwetu nukta ndiyo inayokuja kwanza. Tanzania walianza na anwani: operesheni ya anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022 kabla ya sensa ya Agosti 23, nyumba zikapewa namba na mitaa ikapewa majina, na kila namba ikaingizwa katika mfumo pamoja na mahali pake kwenye ramani. Kajiado bado haijafika huko. Dereva wa bauza ya maji husimama getini, hubonyeza simu yake, na nukta ile ndiyo anwani ya nyumba hiyo hadi mwenyewe atakapohama. Istilahi isiyo na nukta ndani yake haiwezi kuieleza hali hii.

Neno langu ni kunuktisha. Jina la tendo ni unuktishaji. Naomba subira ya msomaji niliingie neno hili hadi chini, maana hapo ndipo wapinzani wangu wanapopita haraka.

Tuanze na majirani zake. Anwani ni Kiarabu, unwani, kichwa cha maandishi. Ndiyo maana katika shule za Kenya bado tunasema anwani ya kitabu na anwani ya shairi. Ni maneno yanayokaa juu ya kitu, na hayasemi kitu kiko wapi. Ramani imekuja kwa bahari: mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na rahmani, kitabu cha maelekezo ya safari, na wao walilipata kutoka kwa neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia. Majira nayo, kabla ya kuwa misimu ya mwaka, ni mwendo wa chombo. Nahodha hushika majira. Aliyeunda majiranukta kwa ajili ya latitudo na longitudo, ambalo sasa linaonekana katika kamusi elezo ya mtandaoni, alikuwa na sikio zuri, nami namvulia kofia: ameunganisha mwendo wa jahazi na kituo chake. Pia wapo wanaopenda viwianishi, neno safi la darasa la hesabu. Siligombi. Ninaloligomba ni lile la wanaoandika "kuratibu" kana kwamba ni nomino. Kuratibu ni kupanga shughuli. Ni kitenzi cha katibu wa mkutano. Mashine ilitafsiri vibaya na watu wenye shahada wakalipitisha.

Sasa nukta. Shina lake la Kiarabu lina kitenzi naqqata, kutia nukta, na kitenzi hicho kina historia ambayo kila aliyesoma chuoni anaijua hata kama hajawahi kuitamka. Herufi be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zina umbo moja tu: jino dogo juu ya mstari. Nukta moja chini, ni be. Mbili juu, ni te. Tatu juu, ni the. Moja juu, ni nuni. Mbili chini, ni ye. Misahafu ya kale kabisa iliandikwa kwa nukta chache mno, na msomaji alitegemea alichokihifadhi kichwani. Watu walipokuwa wengi na makosa yakaongezeka, nukta zikatiwa kwa utaratibu. Mababu zetu wa Lamu na Pate walioandika tenzi zao kwa hati hiyo walijua kuwa nukta moja ikianguka, neno zima hugeuka. Anwani ya Kajiado isiyonuktishwa ni jino tupu. "Karibu na shule ya msingi" inaweza kusomeka mahali kumi. Itie nukta, na inasomeka mahali pamoja.

Kiswahili kimeendelea kulilea neno hili. Nukta humaliza sentensi. Vipofu husoma kwa nukta nundu. Tarakimu za desimali zina nukta yake, na ukihesabu tarakimu tano baada ya nukta hiyo katika latitudo umefika kwenye usahihi wa mita moja hivi. Wapo walioniambia kuwa nukta ni sehemu ya dakika na itawachanganya watu. Majira yalikuwa mwendo wa chombo yakawa pia wakati, wala hakuna nahodha aliyepotea kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa sarufi, njia imekwisha kulimwa. Taifa limezaa taifisha na utaifishaji, maneno yaliyoenea mno baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mkulima asiyejua kusoma aliyaelewa. Nukta inazaa nuktisha kwa kanuni ile ile, bila kupinda irabu hata moja. Kisha hunyambulika: anwani hii hainuktiki, wateja wa Isinya wamenuktishwa, tunuktishie hizi. Jaribuni kunyambua "usimbaji wa kijiografia" muone kama mtafika popote. Waliopendekeza jiokodingi wana unyofu kuliko kamati ya orodha ile, kwa sababu angalau wanakiri kwamba wamekopa, ila wamekopa kitu ambacho tulikuwa nacho nyumbani.

Niliwahi kulipeleka pendekezo hili mbele ya jopo moja la istilahi. Nilijibiwa kwamba neno langu "lina harufu ya kienyeji", na kwamba istilahi hazitungwi na mtu mmoja. Mmoja wa walionijibu hivyo ndiye aliyekuja baadaye kutia sahihi orodha ninayoilalamikia leo. Sikubaliani naye katika yote mawili. Neno hutungwa na mtu mmoja na hukubaliwa na wengi, na jopo lililokataa bila kusikiliza haliwezi kudai kwamba lilipima. Mwaka 2008 vijana wa Kenya walijenga mfumo wa kukusanya taarifa za machafuko na kuzipachika kwenye ramani, wakauita Ushahidi. Jina likaenda dunia nzima bila kuomba ruhusa ya jopo lolote.

Matumizi nayapitia kwa haraka. Programu ni kinuktishi. Afanyaye kazi ni mnuktishaji. Orodha nzima ikipelekwa mara moja ni unuktishaji wa mkupuo. Kurudi kutoka nukta hadi maneno ni usomaji nukta, si "kunuktua", kwa kuwa mnyambuliko huo hauna mazoea na mashina ya Kiarabu. Nukta iliyopatikana juu ya nyumba ni nukta ya paa, na ile ya kitovu cha mtaa ni nukta ya kadirio. Zitenganishwe katika jedwali. Alama ya kutoa mbele ya latitudo isidondoke, la sivyo mteja wa Kitengela ataibukia kaunti ya Samburu, na safu mbili zikibadilishana nafasi atazama Mediterania, nje ya pwani ya Uhispania. Na nukta ya nyumba ya mtu inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Nawaomba wahariri wa kamusi waingize nuktisha, unuktishaji na kinuktishi katika matoleo yajayo, na walimu waanze kuyatumia sasa bila kungoja kamusi hizo. Usimbaji ubaki kwenye siri na kwenye misimbo, ambako unafanya kazi yake.