Motokaa za Mbio za Kijapani na Mafundi wa Makambako

Mtu atokaye Iringa kwenda Mbeya hufika Makambako, na hapo njia hugawanyika. Moja huendelea magharibi hata Tunduma na Zambia; ya pili hukata kusini, ikapanda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, kisha ikashika Songea. Mahali kama hapo motokaa huharibika, na mahali motokaa ziharibikapo mafundi hukaa. Miongoni mwa kazi ziletwazo kwao iko moja ambayo watu wenye maarifa hawajapatana juu yake: motokaa ya mbio ya Kijapani ya zamani, ambayo mwenyewe hataki kuiuza wala kuiacha ife. Je, fundi airudishe kama ilivyotoka kiwandani, au aigeuze ipate kustahimili nchi hii? Wako wasemao kwamba kuigeuza ni kuiharibia historia yake. Neno hilo lina sura ya heshima, lakini historia yenyewe hailithibitishi.

Mashindano ya motokaa ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya Nissan, yaliyouzwa ng'ambo kwa jina la Datsun, yaliingia mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka huo tope lilikuwa adui wa kila mtu. Katika magari 84 yaliyoondoka ni 7 tu yaliyofika mwisho, na hakuna la Kijapani hata moja. Wajapani hawakukasirika, au kama walikasirika hawakusema. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakitazama kilichovunjika na kukitia nguvu. Mwaka 1966 Datsun Bluebird ilishinda katika daraja lake. Jambo hilo liliwagusa sana wenyewe, hata mwaka 1969 wakatengeneza filamu juu yake, na mchezaji wao mashuhuri Yujiro Ishihara akawa dereva.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano yote kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, mara hii kwa Datsun 240Z, motokaa ya watu wawili iliyotengenezwa hasa kwa kuuzwa Marekani, penye barabara pana za lami. Mbunifu wake, Yoshihiko Matsuo, hakuichora kwa ajili ya tope. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo, na mwaka 1973 akawa wa kwanza, baada ya kulingana alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun pia.

Z hiyo iliyoshinda haikuwa ile iliyouzwa dukani. Ilinyanyuliwa juu, springi zake zikabadilishwa, bamba la chuma likafungwa chini ya injini ili mawe yasiitoboe, taa kubwa zikaongezwa, na mahali bodi ilipozoea kupasuka pakachomelewa upya. Baadhi ya magari ya mashindano hayo yalitiwa hata vishikio nyuma, ili mwenzake dereva asimame huko na kuyakandamiza kwa uzito wake gari likwamapo. Kwa hiyo sifa ambayo Z iliipata katika Afrika iliipata kwa kugeuzwa. Isingegeuzwa isingekuwa na sifa ya kuhifadhiwa.

Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1970 yakabaki Kenya peke yake, na Watanzania wakawa wa kusikia tu. Lakini njia ya kusini ilikuwa na mashindano yake yasiyo na kombe. Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwezi Novemba 1965, Zambia ilifungiwa mlango wake wa kusini, na malori ya mafuta yakamiminika kutoka Dar es Salaam kwa njia ya vumbi na utelezi ambayo madereva waliiita ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikapita Makambako. Malori hayo yalikuwa chuo kikubwa cha ufundi. Mtu aliyekwisha kuunga ekseli ya lori usiku wa mvua haiogopi motokaa ndogo.

Z yenyewe ilikuwa adimu siku zote. Iliyofika mikononi mwa watu ni nduguye: Datsun 1200, 120Y, 1600, na zile za kubebea mizigo. Hapa pana siri ambayo wasomi huisahau na mafundi hawaisahau. Injini ya Datsun 1600 ina silinda nne na ile ya 240Z ina sita, lakini zote mbili ni za ukoo mmoja: upana wa silinda ni milimita 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 73.7, katika hii na katika ile. Motokaa ya fahari ya tajiri na teksi ya maskini zilinyonya ziwa moja. Basi mwenye motokaa ya mbio hakulazimika kungoja meli ya Yokohama kwa kila kitu. Mengine aliweza kuyatafuta katika mabaki ya teksi.

Na kungoja meli kulikuwa kazi bure kwa muda mrefu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na spea zikawa kama dawa. Petroli ilikuwa haba hata motokaa za binafsi zikakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Kuanzia mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao nje waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na hali ikaanza kulegea. Katika miaka ile ya dhiki ndipo gereji ya uani, chini ya mti, ilipopata heshima yake. Gasketi ilikatwa kwa mkasi katika karatasi ngumu, na bushi ya mpira ikachongwa katika tairi kuukuu. Anayezicheka kazi hizo hana budi kwanza aonyeshe duka ambalo fundi angeliendea.

Haifai, hata hivyo, kumsifu kila ashikaye spana. Wako vijana wakatao springi kwa msumeno ili gari likae chini kama lile waliloliona katika picha, kisha wakashangaa bodi ikipasuka kabla mvua za kwanza hazijakwisha. Wako watoboao bomba la moshi wakidhani kelele ni nguvu. Huko si kugeuza. Ni kuvunja polepole. Fundi wa kweli hujulikana kwa kuwa aweza kueleza ni kwa sababu gani alibadilisha kitu, na aweza kukirejesha akitakiwa.

Mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan huko Japani, wakijitolea nje ya saa za kazi, waliifufua Z iliyoshinda mwaka 1971. Hawakuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Waliihifadhi kama gari la Safari, pamoja na mageuzi yake yote. Wenyewe waliounda gari wameshatoa hukumu yao katika ubishi huu.

Njombe ina hukumu yake pia, nayo ni ya hewa. Mji huo uko kimo cha karibu meta 2,000, na kani ya hewa huko ni kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani. Kabureta iliyopimwa Yokohama, penye bahari, humwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi huwa nyeusi kwa masizi, injini hukohoa asubuhi za baridi ya Juni, na nguvu hupotea kilimani. Chini ya kabureta za Z, na za motokaa nyingi za wakati wake, pana nati ndogo. Ikipandishwa petroli hupungua, ikishushwa huongezeka. Fundi huipandisha kidogo kidogo akisikiliza mlio, akatazama rangi ya plagi, akaipandisha tena, mpaka plagi iwe na rangi ya udongo. Dereva ashukaye Dar es Salaam lazima airudishe njiani, kwa kuwa huko chini hewa ni nzito, na petroli iliyotosha Njombe itakuwa chache, valvu ziungue. Mwenye hadhari huandika hesabu ya mizunguko kwa chaki chini ya kifuniko cha injini: ya kupanda upande mmoja, ya kushuka upande wa pili.