Tarakimu na Amri: Tahadhari za Tsunami katika Habari za Televisheni nchini Japani, 1983–2024

Historia ya tahadhari za tsunami nchini Japani aghalabu husimuliwa kuwa historia ya kasi. Tetemeko la ardhi lilipotokea katika Bahari ya Japani tarehe 26 Mei 1983, tahadhari ilitolewa baada ya takriban dakika 14, ilhali mawimbi yalikuwa yamekwisha kufika baadhi ya fukwe. Mwaka 1993, katika kisiwa cha Okushiri, muda huo ulipungua hadi dakika 5, lakini bahari ilitangulia tena. Tangu hapo juhudi zilielekezwa katika kupunguza dakika. Hoja ya insha hii ni kwamba kasi ilitatua nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa lugha iliyotumiwa kumfikishia mtazamaji hatari hiyo.

Tukio la tarehe 11 Machi 2011 linadhihirisha jambo hili. Tetemeko lilitokea saa 8:46 mchana, na dakika 3 baadaye Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilitoa tahadhari, ikatangazwa mara moja na shirika la utangazaji la umma, NHK. Hata hivyo, ukubwa wa tetemeko ulikadiriwa kuwa 7.9, ilhali baadaye ulithibitishwa kuwa 9.0. Kwa hiyo wakazi wa Iwate walitajiwa mawimbi ya mita 3, na wa Miyagi mita 6. Kisha ikatangazwa kwamba wimbi la kwanza lililopimwa Ofunato lilikuwa la mita 0.2 tu. Kwa mtu anayeishi nyuma ya ukuta wa bahari wenye kimo cha mita kadhaa, tarakimu hizo ziligeuka kuwa kibali cha kubaki. Makadirio yalipandishwa kuanzia saa 9:14 alasiri, lakini umeme ulikuwa umekatika katika maeneo mengi na televisheni zimezimika. Zaidi ya watu 15,000 walifariki dunia.

Haifai kuibebesha tarakimu lawama yote, kwani uzee, barabara na imani katika kuta vilichangia pia. Hata hivyo, mageuzi yaliyofuata yanaonyesha kwamba taasisi zenyewe zilitambua uzito wa maneno. Kuanzia Machi 2013, matetemeko makubwa sana hutolewa tahadhari ya awali isiyotaja mita, bali inayosema mawimbi ni “makubwa mno”. Nayo mawimbi madogo ya kwanza huelezwa kuwa bado yanapimwa. NHK nayo iliacha sauti tulivu ya msomaji wa taarifa, ikachukua sauti ya kuamuru na kukumbusha yaliyotokea 2011.

Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko lilipoikumba rasi ya Noto, mtangazaji aliwaamuru watazamaji wakimbie upesi, na maandishi makubwa yenye herufi rahisi yakajaa kwenye kioo. Pamoja na hayo, mawimbi yalifika baadhi ya maeneo ndani ya dakika chache mno.

Kutokana na historia hii, ubora wa tahadhari haupimwi kwa usahihi wa tarakimu pekee, bali kwa kitendo inachokizaa. Aidha, panapokuwa na dakika chache tu, mtikisiko wenyewe hauna budi kuchukuliwa kuwa ndiyo tahadhari ya kwanza. Televisheni huja kuithibitisha.