Hereni ya ng'ombe inataja namba tu, haithibitishi kitu

Huku Plateau mtu akiibiwa ng'ombe wa gredi, swali la kwanza ni: alikuwa na alama gani? Wakati wa walowezi wa Uasin Gishu jibu lilikuwa chuma cha moto, na ikawekwa sheria ya kupiga mifugo chapa, Cap 357. Chapa iliumiza na kuharibu ngozi. Lakini mwizi akiibadilisha, kovu jipya lilikaa juu ya la zamani, na yeyote mwenye macho aliliona.

Siku hizi tunauziwa hereni ya kielektroniki kama kitu kipya. Si kipya. Miaka ya 1970 watafiti wa Los Alamos, kule kule kulikoundwa bomu la atomiki, walikuwa tayari wanatafuta kumtambua ng'ombe kwa mawimbi ya redio. 1996 ukaja mpango wa ISO 11784: biti 64, ndani yake namba ya nchi (Kenya ni 404) na namba ya mnyama. Ndiyo, 64, kama lile shamba lililozaa Sisibo yetu. Sadfa tu.

Sasa sikiza. Hereni hiyo haina betri. Kisomaji kikiikaribia, inapata nguvu kutoka kwake na kutaja namba yake, basi. Inamtajia daktari wa mifugo, na mwizi pia. Chipu za kuandikwa upya zinauzwa, so mwizi anainakili namba ya ng'ombe wako kwa hereni nyingine. Hapo hakuna kovu.

Mbona hawakuweka siri ndani? Bei, bana. Kila saketi ya ziada ni pesa na inakula nguvu. Kadi za Mifare Classic, za 1994, ziliwekewa ufunguo wa biti 48, na jinsi fumbo linavyofanya kazi likafichwa. 2008 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walilifungua, na kadi za usafiri za London zikawa mashakani. Ajabu ni kwamba 2007 kulishatolewa PRESENT, fumbo lililochapishwa wazi kwa kila mtu na linalotosha kwa geti 1,570 hivi za saketi. 2023 NIST ya Marekani ikachagua Ascon kwa vifaa vidogo kama hivi. Kwa mafumbo haya kisomaji kinauliza swali jipya kila mara, chipu inajibu kwa ufunguo wake bila kuutaja. Mwizi akinasa jibu la leo, kesho swali ni lingine.

Kwa hivyo ushirika wenu ukiletewa hereni, muulizeni muuzaji kama inajibu swali ama inajitaja tu. Halafu muulizeni funguo zitakaa kwa nani: ushirika, kaunti, ama kampuni yake.