Waling'olewa Meno Ili Wapone Akili: Damu na Mate Vilikuja Kusema Nini?

Kuna watu waliingia hospitali wakiwa na matatizo ya akili, wakabaki bila hata jino moja mdomoni. Hii sio stori ya kutunga. Ilitokea Marekani, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, jimbo la New Jersey, miaka ya 1910 na 1920. Majina ya wengi wao hakuna anayeyakumbuka leo. Na kinachouma zaidi, aliyewafanyia hivyo aliamini kabisa kuwa anawasaidia.

Wazo lilianzia mbali. Mwaka 1900 daktari wa London, William Hunter, aliandika kwamba usaha wa mdomoni unaweza kuleta magonjwa sehemu nyingine za mwili. Mwaka 1910 akahutubia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akawashukia madaktari wa meno waliokuwa wanafunika meno yaliyooza kwa dhahabu. Nje yanang'aa, ndani usaha. Hotuba ikawa gumzo. Baada ya hapo, ukiumwa viungo, unang'olewa meno. Ukipata homa isiyoeleweka, unang'olewa meno.

Kule Trenton, mkuu wa hospitali Henry Cotton akalipeleka wazo mbali zaidi. Kwake, ugonjwa wa akili ulitokana na vijidudu vilivyojificha mwilini. Kwa hiyo meno yakatoka. Mgonjwa asipopona, zinafuata tezi za koo. Bado? Wanakata utumbo mpana. Antibiotiki hazikuwepo, na wengi walikufa baada ya upasuaji wa utumbo. Huku nje Cotton anatangaza kuwa anaponya wagonjwa 85 kwa kila 100.

Mwaka 1924 akatumwa daktari mmoja mwanamke, Phyllis Greenacre, kuchunguza. Yeye alifanya kitu rahisi tu: akawafuatilia wagonjwa na kuhesabu nani kapona kweli. Takwimu za Cotton hazikusimama. Unadhani ripoti ilitangazwa? Wapi! Ilikaliwa, na meno yakaendelea kung'olewa.

Sasa cheki hii. Mwaka 1930, New York, sio mbali na Trenton, watafiti wawili wa Taasisi ya Rockefeller, William Tillett na Thomas Francis, walikuta kitu kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Mtu akiumwa kinapanda, akipona kinapotea. Leo tunakiita CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na vijidudu au jeraha. Yaani ile vita ya ndani, inayofanya sehemu ivimbe na kuwa nyekundu, ikaanza kuacha alama inayopimika.

Fizi nazo zikapata siku yao. Mwaka 1965, kwenye mji wa Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaambia waache kupiga mswaki. Ndani ya wiki mbili tatu fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia mswaki, zikapona ndani ya siku chache. Watu 12 ambao hatuwajui kwa majina walithibitisha kuwa utando laini unaoganda kwenye meno ndio unaowasha moto wa fizi. Na hakuna aliyeng'olewa jino.

Mwaka 1989 Finland wakarudi kwenye swali la zamani. Waliwalinganisha wagonjwa 100 waliopata shambulio la moyo na watu wengine 102. Wenye shambulio walikuwa na vinywa vibaya zaidi. Tafiti zilizofuata zikakuta wenye ugonjwa mkubwa wa fizi mara nyingi wana CRP ya juu kuliko wenye fizi nzima, na fizi zikitibiwa hushuka kidogo. Kwenye mate pia kuna ushahidi: interlukini-1 beta, inayoita askari wa mwili, na MMP-8, kimeng'enya kinachokula nyama inayoshikilia jino.

Kumbe Hunter hakukosea kabisa! Mdomo na mwili vinaongea.

Ila hapo ndipo pa kuwa makini. CRP inakuambia kuna moto, haikuambii unawaka chumba gani. Mafua makali yanaipandisha, unene unaipandisha, sigara pia. Mwaka 2012 chama cha moyo cha Marekani kilipitia ushahidi wote na kusema: uhusiano wa fizi na moyo upo, lakini hakuna uthibitisho kuwa kutibu fizi kunazuia ugonjwa wa moyo. Ndo maana hadi leo daktari wa meno anapima fizi zako kwa kijiti chenye alama na picha ya eksirei.

Wale wa Trenton hawakuumizwa na wazo la uongo mtupu. Waliumizwa na wazo lenye ukweli nusu, lililoshikwa na mtu asiyetaka kuhesabiwa.

Kwa hiyo ukiona damu kwenye mswaki, usipotezee, ila usikimbilie kung'oa. Fizi zinatibika.

Wewe ungekuwa ndugu wa mgonjwa wa Trenton, ungemuuliza nini daktari kabla hajashika koleo? Tiririka hapo chini.