Jembe Moja, Majedwali Mawili: Historia Fupi ya Gesijoto za Mashamba Yetu

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nchi yetu haina viwanda vingi. Hizo gesijoto tunazoambiwa tuzipunguze zinatoka wapi?" Nikamjibu kwa haraka kwamba sehemu kubwa hutoka ardhini: misitu inayofyekwa, mifugo na mashamba. Hakuridhika, wala mimi sikuridhika. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na kanuni yenyewe. Mkulima anapotia mbolea yenye nitrojeni, iwe samadi au ya chumvichumvi, vijidudu vya udongoni huigeuza, na sehemu ndogo hutorokea hewani ikiwa gesi ya naitrasi oksaidi. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kaboni dioksidi. Makadirio ya kimataifa huchukulia kwamba takriban asilimia 1 ya nitrojeni iliyotiwa shambani hupotea kwa njia hiyo. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni. Kwa hesabu hiyo, mfuko mmoja ni sawa na karibu kilo 100 za kaboni dioksidi, mbali na zile zilizotoka kiwandani ulikotengenezwa.

Kwa hiyo historia ya gesi hii nchini Tanzania haiwezi kutenganishwa na historia ya sera zetu za kilimo.

Wakoloni walituachia somo la kwanza. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Tingatinga ziling'oa miti na kuacha udongo wazi kwa jua na mvua. Mwaka 1951 mradi ukatelekezwa. Ardhi ilikuwa imekwisha kupoteza sehemu ya kaboni yake, na karanga zenyewe hazikupatikana za kutosha.

Baada ya uhuru tukajaribu njia nyingine. Mwaka 1972 TANU ilitoa tamko la Siasa ni Kilimo mjini Iringa, na katika mwaka huohuo kiwanda cha mbolea kikafunguliwa Tanga. Ukame wa 1973 na 1974 ulipotulazimisha kuagiza chakula kwa wingi, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Mbolea ikapewa ruzuku, na bei ya mahindi ikawa moja kwa nchi nzima, hata kwa mkulima wa mbali kabisa na Dar es Salaam. Ndivyo Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilivyokuja kuwa ghala la taifa. Wakati huohuo Operesheni Vijiji iliwakusanya watu pamoja, na mashamba ya karibu na makazi yakalimwa kila mwaka bila kupumzishwa.

Kisha ukaja mkataba wa 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ruzuku zikapunguzwa hatua kwa hatua hadi kufutwa katikati ya miaka ya 1990. Kiwanda cha Tanga kikafungwa. Matumizi ya mbolea yakaporomoka, na gesi itokanayo na mbolea hiyo ikapungua pamoja nayo. Katika jedwali la taifa, upungufu huo ungeweza kusomeka kama mafanikio ya mazingira.

Lakini mkulima hakuacha kula, wala watoto wake hawakuacha kuongezeka. Aliyeshindwa kununua mfuko alichukua shoka na panga, akafungua shamba jipya. Takwimu za Serikali zinaonyesha kwamba kati ya 2002 na 2013 tulipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na upanuzi wa mashamba ni miongoni mwa sababu kuu. Miti na udongo wa hekta moja ya miombo huhifadhi kaboni kwa makumi ya tani. Linganisha na kilo 100 za mfuko mmoja wa urea.

Hapa ndipo hesabu zinapotudanganya. Gesi ya mbolea huandikwa katika jedwali la kilimo. Kaboni ya msitu uliofyekwa huandikwa katika jedwali la matumizi ya ardhi. Afisa mmoja husoma la kwanza na kutabasamu, mwenzake husoma la pili na kulaumu wanakijiji. Jembe ni lile lile.

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliazimia mjini Abuja kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Sisi tukaanzisha vocha za pembejeo mwaka 2008, na mwaka 2022, bei zilipopaa duniani, ruzuku ikarejeshwa kwa wakulima waliosajiliwa. Gesi ya mashambani itaongezeka, na hatuna sababu ya kuona haya, mradi kila mfuko utuzuie kufyeka.

Siitetei mbolea bila masharti. Nitrojeni inayozidi mahitaji ya mmea ni hasara kwa mkulima na kwa anga, na salfeti ya amonia ikitiwa miaka mingi bila chokaa huchachusha udongo. Ruzuku isiyoambatana na upimaji wa udongo, samadi, mazao ya jamii ya kunde na bwana shamba anayefika shambani ni ruzuku ya wauzaji.

Kwa wanaharakati nasema: tusiusifu uchache wa gesi uliotokana na umaskini. Kwa watumishi wa umma: yawekeni majedwali hayo mawili kwenye ukurasa mmoja, na pimeni udongo wetu wenyewe badala ya kutegemea vigezo vya kukadiria peke yake. Na kwa mwanafunzi wangu: gesi zetu hutoka pale ambapo mkulima aliachwa achague kati ya mfuko asioumudu na msitu usio na bei.