Nyuzi Zinazokufa Kwanza

Hapa Kihoto, Naivasha, hakuna asiyejua gunia la plastiki. Hubebea viazi na makaa, na ziwa likipanda, kama lilivyofanya 2020 na tena 2025, gunia hilo likijazwa mchanga hugeuka ukuta wa mlangoni. Plastiki yake mara nyingi ni polipropilini. Kile ambacho wengi hatukuambiwa ni kwamba plastiki hiyohiyo, ikitengenezwa nyuzi nyembamba kama nywele, huchanganywa kwenye zege ili lisilipuke wakati wa moto.

Ukisikia mara ya kwanza inakaa mzaha. Si plastiki ndiyo hushika moto mbio? Jibu liko kwenye historia.

Kutia nyuzi kwenye ukuta si jambo geni. Nyumba za udongo za huku Bonde la Ufa zilichanganywa nyasi na mavi ya ng'ombe, maana udongo mtupu ukikauka hupasuka. Mwaka 1901, Ludwig Hatschek wa Austria alipata hataza ya mabati ya saruji yenye nyuzi za asbestosi. Yakaitwa Eternit, kutoka neno la Kilatini la umilele. Hayakuoza, hayakuungua, na hata Kenya yaliezeka nyumba na shule za umma. Shida ilikuwa vumbi: likiingia mapafuni halitoki, na huleta saratani. Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006. Uzi usiokufa ndio uliokuwa ukiua watu.

Wakati huo zege nalo lilikuwa limebadilika. Wahandisi walijifunza kutengeneza zege lililobana sana, karibu halina vitundu. Lina nguvu ajabu, lakini moto ukiwaka nguvu hiyo inaligeuka. Zege lote lina maji ndani yake. Likipata joto, maji huwa mvuke, na mvuke ukikosa pa kutokea, presha hupanda kama kwenye sufuria ya githeri iliyofungwa ikakazwa. Vipande vya zege huruka kwa kishindo, chuma cha ndani kinabaki uchi. Kikifika digrii 550 hivi, kimepoteza karibu nusu ya nguvu yake.

Dunia iliona hivyo Novemba 18, 1996, katika handaki la reli linalopita chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Treni iliyobeba malori ilishika moto. Watu wote 34 waliokuwemo walinusurika, lakini ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 40 hivi ulibanduka hadi mahali pengine zikabaki sentimita chache tu. Reli ya kasi iliyojengwa baadaye kutoka hapo hadi London ilitiwa nyuzi za polipropilini kwenye zege la mahandaki yake.

Zinafanya nini? Zinakufa mapema. Zikifika digrii 165 hivi huyeyuka, zinaacha vijia vyembamba ndani ya zege, na mvuke unatokea hapo kabla presha haijafika pa kulipua. Kanuni za Ulaya hupendekeza zaidi ya kilo 2 kwa kila mita moja ya ujazo kwa zege lenye nguvu sana. Si nyingi kwa kazi hiyo.

Je, tukazimwage kwenye kila ghorofa ya Kihoto? Hapana. Zege la kuchanganywa kwa koleo kwa kawaida lina vitundu vya kutosha kupitisha mvuke. Hatari yetu ya kwanza ni ile ya fundi aliyeharakishwa: chuma kilichofunikwa na saruji kidogo mno, hata ukikuna rangi unakaribia kukiona. Ya pili ni maji. Zege lililoloweka miezi kadhaa lina mvuke mwingi unaosubiri kuliko zege kavu, na sisi tunaishi mahali ziwa huingia sebuleni.

Ndiyo maana hadithi ya nyuzi hizi inatuhusu hata kama hatutazinunua. Asbestosi tuliisifu kwa kudumu, hatukuuliza itatufanyia nini. Mahandaki yakauliza, baada ya moto. Mwenye ploti akipaka rangi juu ya slebu iliyoungua na kutafuta mpangaji mpya, muulize kabla ya kulipa diposi: chuma kilicho ndani kimekaguliwa na nani?